Kunguru wa juu ya bati na dawa zilizogoma

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafuga kuku wa nyama mia tatu nyuma ya nyumba, hapa Kigamboni. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka sita aliugua UTI. Amoksilini haikumsaidia, septrini haikumsaidia. Mkojo ulipooteshwa maabara, karatasi ilirudi imejaa herufi R (dawa imeshindwa), zikabaki dawa mbili tu zenye S (dawa inafaa). Jirani yangu anasema usugu huo unaletwa na kunguru: wanashinda jalalani, wanakuja kunywa maji ya kuku wangu, halafu wanalala juu ya bati ninalokingia maji ya mvua. Nimesoma pia kwamba ndege wa porini wana bakteria sugu. Je, ni wao? Niwatilie sumu? Tena mtoto mwenyewe huokota manyoya yao akayafanya mapambo. Nimkataze?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na la haraka: sumu usitie, sababu nitakupa huko mbele. Kuhusu kunguru, jirani yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ya kweli kabisa: wanabeba bakteria sugu. Nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya niandike marefu, maana ukiikosa utahangaika na bati huku tatizo limekaa kwenye ndoo ya maji ya kuku.

Tumwone kwanza kunguru mwenyewe. Ninapofundisha vitendo, huwapeleka wanafunzi jioni chini ya mwembe wanakolala kunguru, tukatandaza nailoni. Alfajiri tunarudi na vijiti vya pamba. Kila tone bichi la kinyesi tunalipaka kwenye sahani ya agari (uji mgumu wa kuoteshea bakteria) ambayo tumekwisha kuitia sefotaksimu, ndugu wa seftriaksoni, ile sindano inayochomwa karibu kila hospitali. Sahani zinaingia kwenye kabati la joto la nyuzi 37 mpaka kesho yake. Kwa haki zote zingetoka tupu kama zilivyoingia, kwa kuwa dawa imo humo. Lakini hazikosi moja au mbili zenye vidoa vya waridi, duara duara, vimenona. Rangi hiyo huja bakteria wanapochachua sukari ya maziwa iliyomo kwenye agari, na aghalabu ni E. coli, mkaazi wa kawaida wa utumbo wa ndege, wa kuku, wako na wangu.

Kisha tunawahamishia hao kwenye sahani nyingine na kupanga juu yake vikaratasi vya duara, vya upana wa milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa ikifanya kazi, hubaki duara safi kuzunguka kikaratasi, kama uwanja uliofagiliwa. Isipofanya kazi, bakteria huota mpaka wakaegemea ukingo wa karatasi yenyewe. Upana wa duara hilo ndio unaopimwa kwa rula, na ndio unaogeuka R au S. Nimekueleza haya ili ujue kwamba karatasi ya binti yako na sahani za kunguru wangu zinazungumza lugha moja. Tunachotaka kujua ni nani kamfundisha mwenzake.

Habari ya ndege kubeba usugu ni ya zamani. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walichapisha taarifa ya E. coli wenye usugu wa kloramfenikoli katika njiwa na kunguru wa mijini. Mwaka 2005 timu ya watafiti ilikwenda mbali zaidi, Siberia, Alaska na Greenland, kwenye baridi, mbali na hospitali na mabanda ya kuku, wakachukua sampuli za ndege wa huko. Matokeo yaliyotoka 2008 yalionyesha kwamba hata hao wana E. coli wanaoshinda dawa kadhaa kwa mpigo. Ndege hao huhama. Wamepita kwetu sisi wanadamu kabla ya kufika kule.

Tangu hapo orodha imerefuka. Mwaka 2013 Wajerumani waliripoti bakteria aitwaye Salmonella kutoka kwa mwewe mweusi, ndege anayehama, akiwa na kimeng'enya cha NDM-1 kinachovunja dawa za kundi la karbapenemu, ambazo huko hospitalini ndizo hufunguliwa kabatini dawa nyingine zote zikishindwa. Huko Australia, kwenye visiwa vya Five Islands karibu na Wollongong, takriban wanne katika kila shakwe kumi waliopimwa walikuwa na bakteria wanaoshinda dawa hizo hizo. Na Bangladesh, kunguru wa aina hii hii ya kwako wamekutwa na E. coli wenye vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja amoksilini na dawa nyingi za kundi la "sef" kama seftriaksoni. Huenda ESBL ndilo neno lililoandikwa chini ya karatasi yako kwa kalamu, kama amoksilini na zile zenye jina la kuanzia na "sef" zote zina R.

Mpaka hapo jirani yako anaweza kutembea kifua mbele. Sasa nimrudishe kidogo.

Kunguru haendi duka la dawa. Hana dozi aliyoikatisha siku ya tatu, wala hajachomwa seftriaksoni kwa mafua. Bakteria sugu anaowabeba amewaokota mahali: kwenye pampasi zilizotupwa jalalani, kwenye mtaro wa maji machafu, kwenye utumbo wa kuku uliomwagwa nyuma ya machinjio, kwenye rundo la mbolea. Pale Soldotna, Alaska, walipowachunguza shakwe wanaojilisha jalalani, waliwakuta na E. coli wenye usugu wa dawa za kundi la "sef". Shakwe anaposhinda jalalani, majibu ya vipimo vyake huwa ni ya jalala.

Utafiti ulio karibu nasi zaidi ni wa Nairobi, ambako timu ya wataalamu wa mifugo na afya walifuata kaya 99 katika mitaa ya hali tofauti, wakapima watu, mifugo, panya, popo na ndege wa maeneo hayo. Matokeo ya upande wa wanyamapori yalitoka 2019. Usugu ulikuwepo kwa ndege, ndiyo, lakini ulikuwa mdogo kuliko kwa watu na kwa mifugo. Baadaye walisoma vinasaba vya E. coli 1,338 kutoka kaya hizo hizo, na waliokutwa na bakteria wa ukoo mmoja mara nyingi walikuwa wanaishi ndani ya uzio mmoja. Kaskazini mwa Tanzania nako, utafiti uliochapishwa 2020 uliwakuta E. coli sugu kila walikotazama: kwa watu, kwa mifugo, kwa wanyamapori, kwenye maji. Ukitaka picha yake, ni kijiji kinachochota kisima kimoja. Kumshika mchotaji mmoja ukamwita mwizi wa maji ni uonevu.

(Kuna mtu ataniuliza: mbona usugu ulikuwepo hata kabla ya dawa? Kweli. Mwaka 2011 wanasayansi walitoa jeni za usugu kwenye udongo uliogandika Canada kwa miaka 30,000. Bakteria na kuvu wamepigana kwa sumu hizi tangu zamani, penisilini yenyewe tumeiazima kwa kuvu. Ila silaha iliyofukiwa ardhini ni jambo moja, na silaha iliyogawiwa kila nyumba ni jambo jingine.)

Sasa nije kwenye ndoo. Hukuniambia kuku wako unawapa nini, na sikuulizi ili nikuaibishe. Nimeingia kwenye mabanda ya kutosha kujua asubuhi ya siku ya kwanza inavyokwenda: vifaranga wametoka kwenye boksi, mwenye duka la pembejeo amemfungia mteja pakiti ya unga wa njano wa okisitetrasaiklini "ya kuzuia", kijiko kimoja kwa lita kadhaa, maji yanageuka rangi ya chai hafifu. Siku ya tano wanapewa nyingine. Wakipiga chafya wiki ya tatu, nyingine. Hakuna kuku mgonjwa aliyepimwa hata mmoja.

Utasema: lakini binti yangu hakupewa okisitetrasaiklini. Karatasi yake inalia amoksilini, septrini, na pengine zile za "sef". Inahusu nini? Inahusu sana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo baadhi ya wenzangu wenye vyeti.

Jeni za usugu mara nyingi hazikai kwenye kromosomu ya bakteria. Zinakaa kwenye kipete kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria mmoja anaweza kukinakili na kumpa jirani yake wakigusana, hata kama si wa ukoo mmoja: E. coli akampa Klebsiella, Klebsiella akampa Salmonella. Ichukulie plasmidi kuwa kishada cha funguo. Kwenye pete moja umo ufunguo wa kuishinda tetrasaiklini, wa septrini, wa amoksilini, na ule wa ESBL unaofungua seftriaksoni. Unapotia tetrasaiklini kwenye maji, unawaua wasio na ufunguo wake. Wanaobaki ni wenye kishada, na kishada hakigawanyiki: aliyekiweka kwa ajili ya ufunguo mmoja ameziweka funguo zote. Kwa hiyo unaweza kuotesha usugu wa seftriaksoni bandani kwako bila kuijua seftriaksoni inafananaje.

Kisha yanakuja mambo ya ndoo yenyewe. Sehemu kubwa ya okisitetrasaiklini anayokunywa kuku hutoka tena kwenye kinyesi ikiwa bado ni dawa. Inaingia kwenye pumba za sakafuni, pumba zinakuwa mbolea, mbolea inakwenda kwenye mchicha. Kunguru anapotua kwenye kinyweshi chako, anapiga mafundo matatu ya maji yenye dawa hafifu isiyotosha kuua kitu ila inatosha kuwachagua wenye funguo, halafu anaacha kinyesi humo humo. Amekuja na kishada cha jalalani, akaondoka na cha kwako. Ni biashara ya pande mbili, ila ghala ni la nani?

Kwamba ghala likipunguzwa bidhaa nayo hupungua, tuna ushahidi. Mwisho wa 2015 Wachina walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayoishinda kolistini, dawa ya akiba kabisa ya hospitali, ambayo kwao ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe na kuku ili wakue haraka. Mwaka uliofuata tu, jeni hiyo ikaripotiwa kwa shakwe wa Lithuania, na kwa shakwe wa Ushuaia, ncha ya kusini ya Argentina. Hapo utaona ndege wanavyotusomea barua zetu kwa sauti. Lakini China ilipoipiga marufuku kolistini kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017, mcr-1 ilishuka kwa nguruwe, ikashuka na kwa watu. Hakuna aliyemgusa shakwe.

Kwa hiyo bandani: acha dawa za "kuzuia". Nunua vifaranga kwa mtu anayeaminika, wape joto la kutosha wiki mbili za mwanzo, pumba ziwe kavu, chanjo zifuate ratiba. Kuku wakiugua, mpigie daktari wa mifugo kabla ya kumpigia mwenye duka, na ukiandikiwa dawa uliza siku za kusubiri kabla ya kuchinja, uzihesabu kweli. Mbolea usiipeleke bichi kwenye mboga. Irundike, imwagie maji kidogo, ifunike, igeuze kila baada ya siku kadhaa, ipate moto hadi mkono uliozamishwa ndani ushindwe kuvumilia. Moto huo huwaua bakteria wengi, wenye funguo na wasio nazo.

Kuwazuia ndege kufika kwa kuku ni jambo zuri, ila kwa sababu nyingine. Mimi ningekuwa wewe, ningemwogopa kunguru na shomoro kwa ajili ya kideri na Salmonella kabla sijawaogopa kwa usugu. Ule waya wa kawaida wa kuku humzuia kunguru lakini shomoro hupita kama mgeni aliyealikwa. Weka wavu wa nusu inchi. Kinyweshi cha sahani badilisha uweke cha chuchu, kuku anagonga tone linatoka, hapana bwawa la ndege kuogea. Chakula kilichomwagika kifagie jioni.

Maji ya mvua. Hapa nina habari njema, na nashangaa kwa nini haisemwi zaidi: usugu wa dawa si usugu wa moto. E. coli mwenye kishada cha funguo kumi hufa kwenye maji yanayotokota sawasawa na yule mnyonge kabisa, na klorini humuua vile vile. Maji yakitokota kwa mapovu makubwa, yaache yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, yamekwisha. Mkaa ukiwa ghali, tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Juu ya hayo, usikinge maji ya dakika za kwanza za mvua. Bati lililokaa kavu wiki tatu lina kinyesi, vumbi na majani. Yaache hayo yateremke chini, kisha ndipo uelekeze bomba kwenye tangi. Na kama kuna tawi la mwembe limening'inia juu ya bati, likate. Kunguru hulala juu ya tawi, bati ni choo chao tu.

Sasa sumu. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wasaidie kula takataka za mjini, na tangu hapo wamepanda pwani yote. Ni wasumbufu, wanakula vifaranga na makinda ya ndege wetu, na sina haja ya kuwatetea. Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kwa sumu maalumu, ikisimamiwa na wataalamu wa wanyamapori. Lakini hiyo si sumu ya dukani. Inayopatikana dukani ni ya wadudu wa shambani, na ukiipaka kwenye utumbo wa samaki ukauweka uani, atakayekufa anaweza kuwa paka wa jirani, mwewe, kuku wako mwenyewe, au mtoto anayeokota manyoya. Na baada ya hayo yote, jalala bado lipo. Kunguru wengine watakuja kwa sababu ile ile iliyowaleta wale wa kwanza, na utumbo wao utajazwa na jalala lile lile.

Nimemwacha binti yako mwishoni lakini ndiye niliyemfikiria zaidi. UTI ya mtoto wa kike wa umri wake karibu kila mara hutoka kwa E. coli wa utumbo wake mwenyewe, aliyesafiri safari fupi sana kutoka nyuma kwenda mbele. Kwa hiyo E. coli sugu aliingia kwanza tumboni, akakaa kimya, pengine miezi. Aliingia kwa njia gani, karatasi ya maabara haiwezi kusema. Hilo linahitaji kusoma vinasaba vya bakteria wake, wa kuku, wa kunguru na wa kila mtu wa nyumbani. Nikilazimishwa kupanga washukiwa, ningeweka mbele mikono ya watu wa nyumbani na choo mnachotumia pamoja, kisha dawa alizowahi kupewa mwaka huu kwa homa na mafua ambazo pengine hazikuhitajika, kisha kulazwa hospitali kama aliwahi, kisha kuku na mbolea, mboga mbichi, maji. Kunguru ningemweka mkiani, na angalau ningempa nafasi ya kujieleza.

Itunze ile karatasi, piga picha ukae nayo kwenye simu. Akiugua tena homa yoyote kali, mwonyeshe daktari kabla hajaandika dawa. Akirudiwa na UTI, mkojo uchukuliwe uoteshwe kabla ya dozi ya kwanza, na umwombe daktari ampime figo na kibofu kwa altrasaundi, maana UTI inayorudi kwa mtoto mdogo huwa na sababu. Mfundishe kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, anywe maji, asibane mkojo shuleni kwa kuogopa choo, na kama hupata choo kigumu, hilo nalo litibiwe. Utumbo uliojaa hukikandamiza kibofu. Dozi aliyoandikiwa aimalize yote hata kama siku ya pili anacheza.

Na manyoya? Muache nayo. Asiokote kunguru aliyekufa wala anayepepesuka chini, hilo liwe amri, akiita mtu mzima. Lakini unyoya mkavu ulioanguka, auoshe kwa maji na sabuni, auanike juani siku nzima, anawe mikono kabla ya kugusa chakula. Akikutengenezea taji, livae.